Joy Adamson: Mchoraji wa Isiolo Aliyemfikisha Simba Kiunga

Kila mwaka, mvua zikishapita na barabara zikakauka, wanafunzi wa vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani huja kwetu kwa masomo ya nyanjani. Huanzia kaskazini, kwenye hifadhi za Samburu, Buffalo Springs na Shaba katika ukame wa Isiolo, wakahesabu pundamilia na kutazama swala twiga akisimama kwa miguu miwili kula majani ya mgunga. Wengine huteremka hadi Pwani kuangalia matumbawe, mikoko na kasa. Wiki chache baadaye huwa wamesharudi makwao na madaftari yaliyojaa.

Si vibaya. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini kuna mtu aliyeifanya safari hiyo ya jangwa na bahari zamani, kabla haijawa somo la chuo, na hakuwa na shahada yoyote ya elimu ya wanyama. Alikuwa na rangi, daftari na subira ya kutazama. Jina lake lilienea dunia nzima kwa sababu ya simba jike mmoja aliyelelewa Isiolo. Sisi wa Pwani tuna sababu yetu ya kumkumbuka, kwani simba huyo aliletwa mpaka Kiunga akaoga maji ya Bahari ya Hindi. Mwanamke huyo ni Joy Adamson. Maisha yake yana mawili ya kutufunza: namna ya kujifunza kutoka kwa ardhi, na namna ya kutowasahau wanaokuonyesha njia.

Alizaliwa tarehe 20 Januari 1910 katika mji wa Troppau, uliokuwa wakati huo chini ya dola ya Austria, na ambao leo unaitwa Opava katika nchi ya Cheki. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa Friederike Victoria Gessner. Alikulia katika familia yenye uwezo. Ujanani aligusa mambo mengi: alisoma muziki, akajaribu uchongaji, akafikiria hata udaktari, lakini hakuna alipotia nanga. Mwaka 1935 aliolewa na Viktor von Klarvill, mfanyabiashara mwenye asili ya Kiyahudi. Hali ya Ulaya ilikuwa inachafuka kwa sababu ya Wanazi, na mumewe akawa anatafuta nchi ya kuhamia. Mwaka 1937 akamtanguliza mkewe aje aitazame Kenya.

Safari ya meli ilibadilisha mambo. Humo ndani alikutana na Peter Bally, Mswisi aliyekuwa mtaalamu wa mimea. Ndoa ya kwanza ikavunjika, na mwaka 1938 akaolewa na Bally. Ni Bally aliyempachika jina la Joy, nalo likamganda maisha yote. Mumewe alikuwa akizunguka nchi kukusanya mimea, naye Joy akifuatana naye na kuchora maua waliyoyapata.

Hapo ndipo masomo yake ya kweli yalipoanza. Kuchora mmea kwa ajili ya wanasayansi si sawa na kuchora pambo la ukutani. Lazima uhesabu petali, uone jani limeshikana vipi na kikonyo, utofautishe ua la asubuhi na lile lililokwisha kunyauka jioni. Ukikosea, mchoro haufai kitu. Joy aliifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, akachora mamia ya mimea ya Afrika Mashariki, na michoro yake ikapamba vitabu vya mimea na bustani. Mwaka 1947 chama kikuu cha bustani cha Uingereza kilimtunuku nishani ya dhahabu ya Grenfell. Mtu aliyekuja kama mgeni asiyejua jina la mti hata mmoja, katika miaka kumi alikuwa ameijua mimea ya nchi hii kuliko wengi waliozaliwa juu yake.

Ndoa ya pili nayo haikudumu. Mwaka 1944 Joy aliolewa kwa mara ya tatu, na George Adamson, Bwana Nyama wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambaye makao yake yalikuwa Isiolo. George alizaliwa India mwaka 1906, akaja Kenya mwaka 1924. Alijaribu kutafuta dhahabu, akafanya biashara ya mbuzi, akaongoza wawindaji, kisha mwaka 1938 akaingia kwenye idara ya wanyama.

Isiolo ya siku hizo ilikuwa mlango wa kaskazini. Serikali ya kikoloni iliifanya kaskazini yote kuwa eneo lililofungwa, mtu haingii ila kwa ruhusa. Mjini walichanganyika Waborana, Wasamburu, Waturkana, Wameru na Wasomali, baadhi yao wakiwa wazao wa askari waliopigania Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia na kupewa mahali pa kukaa hapo. Nje ya mji ni nyika: miiba, vumbi, mawe meusi, na mto Ewaso Nyiro unaokata ukame kama utepe wa kijani. Huko ndiko aliko choroa, mbuni wa Kisomali mwenye miguu ya buluu, twiga mwenye mabaka kama wavu uliotandazwa, na pundamilia wa Grevy mwenye mistari myembamba. Ni viumbe wanaojua kuishi kwa maji machache, na kila mmoja ana hila yake.

Kutoka hapo Joy akageukia kuchora watu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ilimpa kazi ya kuchora makabila ya Kenya katika mavazi yao ya jadi, kabla mavazi hayo hayajapotea. Alizunguka nchi nzima na kuchora mamia ya watu, wakiwemo wa Pwani yetu. Picha hizo zimehifadhiwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na mwaka 1967 nyingine zilitolewa katika kitabu kuhusu watu wa Kenya. Alichora pia samaki wa matumbawe, kwa uangalifu ule ule aliochorea maua ya nyika. Kwa hiyo alipoanza kuandika habari za simba, tayari alikuwa ametumia karibu miaka 20 akijifunza kazi moja tu: kutazama mpaka aone.

Tarehe 1 Februari 1956 George alikwenda kumtafuta simba aliyekuwa amemuua mtu. Katika msako huo simba jike aliwarukia, wakampiga risasi akafa. Baadaye wakagundua kwa nini alikuja kwa ukali ule. Alikuwa na watoto watatu wachanga, amewaficha katika mwanya wa majabali. George akawachukua, akawapeleka nyumbani Isiolo.

Wote walikuwa wa kike. Joy akawalisha maziwa, na kazi ya kuwatunza kila siku akapewa mtu wa bustani aliyeitwa Nuru. Nyumba ilikuwa pia na pimbi aliyefugwa, aitwaye Pati, ambaye aliwaongoza watoto wale wa simba kana kwamba yeye ndiye bibi yao. Walipokua, haikuwezekana kuwaweka wote. Wawili wakapelekwa bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Aliyebaki ni mdogo wao, na huyo ndiye Elsa.

Elsa hakufungwa kamba maisha yake yote wala hakuwekwa katika tundu. George alipokwenda kazini naye alikwenda, juu ya gari. Mwaka 1957 alifuatana nao mpaka ziwa lililoitwa Rudolf wakati huo, ambalo leo ni Ziwa Turkana, wakitembea kwa miguu na punda wakibeba mizigo katika mojawapo ya ardhi kavu kabisa za nchi hii.

Safari inayotuhusu sisi ni ile ya Kiunga. Habari zilimfikia George kwamba kule karibu na mpaka wa Somalia simba walikuwa wanakula watu. Kwa Wabajuni wa siku zile hilo lilikuwa jambo la kufunga milango jua likitua. Simba mla watu huingia mpaka ua wa makuti. George na Joy wakashuka na Elsa kutoka Isiolo, wakapiga hema ufukoni.

Elsa hakuwa amewahi kuona bahari. Mwanzoni aliyaogopa mawimbi. Baada ya siku chache akaingia majini, akapenda, akawa anacheza katika maji ya kina kifupi na kuwakimbiza kaa mchangani, nao kaa hawakukubali kuchezewa bure: walimfinya pua. George kwa upande wake alishikwa na malaria na kulala hemani akiwa mgonjwa sana. Kwa hiyo Kiunga iliwapa kicheko na ikawapa homa, kama inavyompa kila mgeni.

Mtu aweza kuiona hadithi hiyo kuwa ya kuchekesha tu. Lakini izingatie vizuri. Mnyama mmoja, katika maisha yake mafupi, alikanyaga mawe ya moto ya Turkana na mchanga mweupe wa Kiunga, na mtu mmoja akayaandika yote mawili. Tumezoea kuigawa nchi yetu: bara huko, Pwani hapa, nyika ni ya wafugaji, bahari ni ya wavuvi. Joy aliona kwamba Isiolo na Kiunga ni kurasa mbili za kitabu kimoja. Simba wa nyika hushuka hadi ufukoni, na maji ya mto utokao milimani ndiyo yanayolisha mikoko ya mwambao.

Elsa alipokuwa mkubwa, wakuu walitaka aondolewe. Wengi waliona mahali pake ni bustani ya wanyama. Joy na George wakachagua njia ngumu: kumrudisha porini. Jaribio la kwanza, mbali na nyumbani, lilishindwa, kwani hali ya hewa haikumfaa na akaugua. La pili lilikuwa Meru, karibu na mto Ura. Huko alifunzwa kuwinda, na ilichukua miezi mingi, kwa sababu simba hupata ujuzi huo kwa mama yake, na mama huyu alikuwa mchoraji kutoka Austria. Lakini akajua. Akapata dume wa mwituni, na mwezi Desemba 1959 akazaa watoto watatu, waliopewa majina ya Jespah, Gopa na Elsa Mdogo. Aliwaleta mwenyewe kambini kwa marafiki zake wa kibinadamu.

Joy aliandika kila siku. Elsa amekula nini, amekwenda wapi, amenguruma saa ngapi, dume amejibu kutoka upande gani. Wataalamu wengine walimlaumu kwamba alimpenda mnyama kupita kiasi na kumpa hisia za mwanadamu. Lawama hiyo ina uzito wake. Hata hivyo daftari zake zilionyesha jambo ambalo wengi hawakuliamini: simba aliyelelewa na watu aweza kujitegemea porini, akapata mwenza na kuzaa.

Tarehe 24 Januari 1961 Elsa alikufa, akiwa hata hajatimiza miaka mitano. Hakuuawa na mwindaji wala simba mwenzake. Alikufa kwa ugonjwa wa damu unaoletwa na kupe. Alizikwa Meru karibu na mto, na kaburi lake lipo hadi leo. Watoto wake, bila mama wa kuwafunza, wakaanza kula mbuzi wa Watharaka wa jirani. Ikabidi wakamatwe na kuhamishwa hadi Serengeti mwaka huo huo.

Hapa lazima tusimame kidogo. Wasomaji wa London walilia kwa ajili ya Jespah na ndugu zake. Nani aliyemlilia Mtharaka aliyeamka akakuta zizi limeingiliwa? Kwa mfugaji mbuzi ni karo, ni mahari, ni akiba ya siku ya njaa. Joy alijua hivyo, na wenye mbuzi walilipwa. Lakini swali hilo halijaisha. Linaulizwa leo Isiolo, linaulizwa Lamu ambako nyati na viboko huingia mashambani. Hifadhi isiyojibu swali la jirani yake haitadumu.

Kitabu cha kwanza cha Elsa, Born Free, kilitoka mwaka 1960, kikafuatwa na viwili vingine mwaka 1961 na 1962. Kilitafsiriwa kwa lugha nyingi, na mwaka 1966 kikafanywa filamu iliyozunguka dunia. Isiolo, mji ambao hata Wakenya wengi walikuwa hawajaufika, ukajulikana na watoto wa shule wa nchi za mbali. Mapato ya vitabu Joy aliyaelekeza katika mfuko wa kusaidia wanyama, na Meru, iliyofanywa mbuga ya taifa mwaka 1966, ni miongoni mwa mahali palipofaidika.

Lakini tusome hadithi hiyo kwa macho mawili. Nuru aliyewalea watoto wa simba yumo kitabuni, lakini ni wangapi wanaomtaja? Makedde, askari wa wanyama Mturkana aliyefuata nyayo na kusimama zamu usiku kambini, ni wangapi wanaojua jina lake? George alikuwa bingwa wa nyika, ila hata bingwa huongozwa na mtu aliyezaliwa pale, anayejua kisima kipi kina maji mwezi gani. Elimu ya kusoma nyayo ni elimu. Ilipita kutoka midomo na vidole vya watu hao ikaingia katika daftari, daftari likawa kitabu, na juu ya jalada likabaki jina moja.

Joy mwenyewe hakuwa mtu rahisi. Waliomwandikia maisha yake wanakubaliana kwamba alikuwa na bidii ya ajabu na hasira za karibu. Mnyama alimvumilia saa nyingi. Binadamu, dakika chache. Aligombana na waume, na marafiki, na wafanyakazi, aliowaajiri na kuwafukuza mara kwa mara. Yeye na George hawakuachana, lakini katika miaka ya mwisho kila mmoja aliishi na wanyama wake. George alihamia Kora mwaka 1970 na simba zake, na mwaka uliofuata mmoja wao akamuua mfanyakazi wa kambi. Joy alikuwa amemrudisha porini duma jike aitwaye Pippa huko Meru, akaandika habari zake, akanunua nyumba kando ya Ziwa Naivasha, Elsamere, ambayo leo ni makumbusho na kituo cha elimu.

Kazi yake ya mwisho ilimrudisha Isiolo. Katika hifadhi ya Shaba, mashariki mwa barabara iendayo Marsabit, alipiga kambi katika miaka ya 1970 na chui jike aliyemwita Penny. Chui ni msiri kuliko simba, na wachache walikuwa wamewahi kumfuata mmoja kwa karibu namna hiyo. Penny alizaa porini, na Joy akayaandika yote, umri wake ukikaribia miaka 70.

Jioni ya tarehe 3 Januari 1980 alitoka kambini kutembea kidogo kama ilivyokuwa desturi yake. Hakurudi. Alikutwa amekufa barabarani, si mbali na kambi. Habari ya kwanza iliyoenea duniani ni kwamba ameuawa na simba. Haikuwa kweli. Polisi walipochunguza majeraha waliona ni ya chuma chenye ncha. Kijana mmoja aliyekuwa mfanyakazi wake, na aliyefukuzwa, alishitakiwa na kuhukumiwa mwaka 1981. Hakunyongwa kwa sababu mahakama haikuwa na hakika kwamba alikuwa ametimiza umri wa miaka 18 siku ya tukio, lakini alifungwa miaka mingi. George naye aliuawa na majambazi Kora tarehe 20 Agosti 1989. Majivu ya Joy yalizikwa Meru, kwenye makaburi ya Elsa na Pippa. Kitabu cha Penny kilitoka mwaka ule ule aliokufa, mwandishi akiwa hayupo.

Mauaji hayana udhuru, na hakuna hasira ya kazi inayohalalisha kuitoa roho ya mtu. Lakini maisha hayo yanaonyesha kwamba mtu aweza kuielewa lugha ya chui na bado asiielewe ya mwanadamu anayemchotea maji. Anayetaka kuhifadhi wanyama bila kutengeneza mambo na watu anajenga nyumba juu ya mchanga wa maji kupwa.

Je, sisi tufanye nini na urithi huu? Kiunga imekuwa hifadhi ya bahari tangu mwaka 1979. Ina kasa wanaotaga mchangani, ina nguva ambao sasa ni nadra mno, ina matumbawe na misitu ya mikoko. Shaba, Samburu na Buffalo Springs zipo. Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi kilipata hati yake mwaka 2013. Vijana wetu wapo, na wengi wana simu yenye kamera bora kuliko vifaa vyote alivyokuwa navyo Joy alipofika mwaka 1937.

Kilichobaki ni mazoea. Watoto wa Faza, Kiunga na Kizingitini wapelekwe Isiolo wakamwone choroa anavyoishi bila kunywa siku nyingi. Watoto wa Isiolo na Merti waletwe Pwani waone kasa akitoka majini usiku. Kila mmoja awe na daftari, aandike tarehe, saa, upepo, alichokiona, na jina la mzee aliyemwonyesha. Hilo la mwisho ndilo Joy aliloliandika kwa wino hafifu. Sisi tuliandike kwa wino mzito. Mvuvi anayejua mwezi gani kasa hupanda na kwenye ufuko upi ni mwalimu, na jina lake listahili kuwa juu ya jalada.

Mgeni kutoka Troppau alikaa nasi zaidi ya miaka 40 akaisoma nchi yetu kwa macho na kwa mkono. Tulio wenyeji tumekaa nayo karne nyingi, na mengi tuliyoyajua yamekufa na wazee wetu bila kuandikwa. Mwenye macho haambiwi tazama. Lakini aliyetazama na asiandike, wajukuu zake wataambiwa habari za kwao na wageni.